Kisigino cha Binti Mfalme

Glovu zilikuwa nyeupe, ndefu mpaka kwenye viwiko, na Trude Kaschke alikuwa amezivaa kwa mwaka mmoja na miezi minne. Alizivaa akila, alizivaa akipokea maua, alizivaa akipanda motokaa ya kampuni. Alizivua kitandani tu, na hata hapo Bi von Pahlow, msimamizi wake, alikuja na kopo la mafuta, akamsugua vidole kimoja kimoja huku amekunja uso.

"Vidole gani hivi," alisema kila siku. "Tundu tupu."

Zilizomkera ni alama za sindano. Trude alianza kushona ngozi za viatu kwenye karakana ya baba yake akiwa na miaka kumi, halafu akaajiriwa kushona nguo za waigizaji kwenye kampuni ya sinema, na kote huko sindano hazikumwacha salama. Sasa niambie, binti mfalme gani ana vidole vya fundi?

Na binti mfalme ndiye yeye. Magazeti ya Berlin yalikwisha kusema: Mtukufu Milena wa Karvania, ufalme mdogo wa milimani uliofutwa na vita, ameingia kwenye sinema kwa sababu hana tena pa kwenda. Watu walisoma, wakatoa leso. Karvania yenyewe haikuwahi kuwepo. Aliitunga Bwana Wisnek, mwongozaji wa sinema, siku moja akiwa ananyolewa ndevu. Asubuhi ile alikuwa amemwona Trude amepiga magoti, pini mdomoni, anarekebisha pindo la gauni la mtu mwingine, naye akapiga kelele, "Shingo hiyo! Msimamishe!" Wakamsimamisha. Wakampa karatasi mbili za kusaini. Ya kwanza ilikuwa mkataba wa miaka mitatu. Ya pili ilikuwa kiapo kwamba yeye kweli ndiye Milena wa Karvania. Akasaini zote mbili. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na muda wote ule alikuwa anatazama viatu vya Bwana Wisnek, anajiuliza vimeshonwa na nani. Mjinga sana, jamani. Yeye mwenyewe alijiita hivyo baadaye, tena kwa maneno mabaya zaidi.

"Siku utakayofungua mdomo," Bwana Wisnek alimwambia kwa upole kabisa, "hii karatasi ya pili naipeleka polisi. Kuapa kwa jina la uongo ni jela, bibie. Nami nitasema nilitapeliwa kama wengine wote."

Basi wakamweka kwenye nyumba kubwa iliyozungukwa na misonobari, nje kidogo ya mji, na ufunguo wa mlango wake ukaning'inia shingoni mwa Bi von Pahlow. Huyu bibi alikuwa wa ukoo bora kwelikweli, tena fukara kwelikweli, na kazi yake ilikuwa kumfundisha Trude kutembea, kutafuna, na kuongea Kijerumani kibovu kama mgeni. Mtoto wa mtaa wa Moabit, aliyezaliwa na kulelewa Berlin, anafundishwa kukosea lugha yake! Na akifanya vizuri anapewa kipande cha keki.

Baba yake, Albin Kaschke, alikuwa fundi viatu huko Moabit, na alikuwa kiziwi tangu utotoni. Shuleni walimu waliwachapa viziwi mikono kila walipoongea kwa ishara. Walitakiwa wasome midomo ya watu. Basi Albin akaisoma, akaisoma kuliko hata walimu walivyotaka. Lakini nyumbani kwake mikono ilikuwa huru. Na ukimtaka akiwa amekupa mgongo, hupotezi pumzi kuita: unapiga kisigino sakafuni mara mbili, mbao zinatikisika, yeye anausikia mtikisiko kwa nyayo, anageuka. Trude alijua kupiga kisigino kabla hajajua kutamka "baba".

Kila Jumapili alasiri walikwenda sinema, Trude na baba yake na mafundi wengine watatu viziwi, wakakaa safu ya pili, kwenye viti vya bei ndogo vilivyo karibu na skrini. Pale wenye masikio na wasio nayo walikuwa sawa. Hapana, nimekosea, viziwi walikuwa juu. Kwa vile sinema za wakati ule hazikuwa na sauti, waigizaji walikuwa wanasema chochote kile. Mfalme anakata roho, mkewe kamwangukia, ukumbi mzima unalia, kumbe mfalme anasema, "Usinilalie tumboni, nimekula kabichi." Baba alimtafsiria Trude kwa mikono kwenye mwanga wa skrini, na safu ya pili peke yake ikavunjika mbavu. Nyuma watu walifoka, "Hamna adabu nyinyi!" Safu ya pili wala habari haina.

Hayo ndiyo Trude aliyoyakosa alipolala kwenye shuka za hariri. Na angeweza kuyakosa tu akavumilia, kama si ile siku ya dukani.

Ilikuwa mwezi wa nne wa ubinti mfalme wake. Walimpeleka duka kubwa la mjini akapigwe picha akichagua kofia. Waandishi walikuwepo kama kumi. Mara baba yake akapenya katikati yao, koti limelowa mvua, kofia mkononi. Alikuwa ameona picha gazetini. Akanyanyua mkono tu, kidole gumba na cha shahada vimebana, akavuta hewani kama anavuta uzi. Hilo ndilo lilikuwa jina la Trude nyumbani, Uzi, jina la mkono, alilopewa na marehemu mama yake.

"Mtukufu," mwandishi mmoja akauliza, "unamjua mtu huyu?"

Kidole cha Bi von Pahlow kikamchoma ubavuni. Trude akasema, taratibu, kama alivyofundishwa, huku akimtazama baba yake usoni:

"Simjui."

Angetikisa kichwa tu, labda. Lakini alilisema, na mzee akalisoma lote mdomoni mwake. Hakugomba. Alivaa kofia yake, akaikaza vizuri, akatoka na mvua yake.

Trude aliandika barua nne. Bi von Pahlow alizipokea kwa adabu, akaahidi kuzituma. Wiki moja baadaye Trude alifungua mlango wa jiko la kuotea moto, akakuta ndani ya majivu kona ya bahasha ambayo haikuungua vizuri. Alikaa sakafuni mbele ya jiko lile mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu hapo hakutaka keki wala motokaa. Alitaka jambo moja tu: neno lile alilolisema kwa mdomo mbele ya baba yake, alifute kwa mdomo uleule.

Na ndipo alipotambua kwamba mdomo wake unakwenda kukuzwa ukawa na ukubwa wa mlango.

Sinema iliyokuwa inapigwa ilikuwa ya vichekesho na mapenzi. Binti mfalme anatoroka kwao asiozwe, anavaa aproni, anajificha hotelini kama mfanyakazi wa jikoni. Anampenda mhudumu wa meza. Kumbe mhudumu naye ni mwana wa mfalme, kajificha kwa sababu hiyohiyo. Wanaongea kwa kupungiana mikono dirishani, kwa kuwa mpishi mkuu hataki maneno jikoni kwake, na watazamaji wafe kwa kucheka. Trude alilifikiria hilo mara nyingi akivaa ile aproni: mtoto wa fundi anajifanya binti mfalme, anayejifanya mtoto wa makabwela. Kichekesho kweli. Yeye hakuweza kukicheka.

Mhudumu aliigizwa na Egon Falk, kijana wa nywele za mafuta na moyo mzuri, aliyeamini kabisa kwamba Trude ni mtukufu. Kwenye matukio ya mapenzi alimshika kiuno, akamtazama kwa macho malegevu, akanong'ona, "Mtukufu, samahani, jana nimekula samaki wa siki, jino linaniua, usinisogelee sana."

Siku ya tukio kubwa, binti mfalme alitakiwa akiri kwa mpenzi wake yeye ni nani. Kamera ilisogezwa karibu mpaka Trude akasikia harufu ya mafuta ya mashine. Uso wake peke yake.

"Sema lolote," Bwana Wisnek alipaza sauti kwenye kipaza chake cha bati. "Sema sala za kwenu, hesabu viazi, sijali. Ila midomo ichezecheze! Na machozi!"

Machozi hayakuhitaji kutafutwa. Trude aliitazama lenzi, akaongea bila sauti, midomo mitupu, kama alivyoongea nyumbani maisha yake yote: "Baba, nakujua. Siku ile nilidanganya, waliniogopesha. Wamenifungia. Barua zangu zilichomwa. Usinikatie tamaa. Nakujua, baba yangu, nakujua."

"Kata!" Bwana Wisnek alikuwa analia mwenyewe. "Safi! Safi kabisa!"

Bi von Pahlow alimfuata chumba cha kuvalia, akafunga mlango. "Ulikuwa unasema nini pale?"

"Nilikuwa nasali, mama."

"Kwa muda wote ule?"

"Nina dhambi nyingi."

Bibi akamkazia macho, kisha akampa glovu zake.

Miezi mitatu Trude aliishi na siri ile tumboni. Akiamka anahesabu siku, akila anahesabu siku. Kampuni ikatangaza kwamba waigizaji watazungukia kumbi za mitaani, wapande jukwaani baada ya sinema, wainame, washuke. Egon ndiye aliyemletea orodha.

"Jumapili alasiri, Mtukufu, tunapelekwa Moabit," alisema. "Pole sana. Huko ni kwa makabwela tu, watakurushia maganda."

"Jumapili alasiri?" Trude aliuliza.

Ukumbi wa Moabit ulikuwa uleule, na sakafu yake ileile ya mbao, na harufu ileile ya makoti yaliyolowa. Walimkalisha kwenye kibanda cha pembeni, juu kidogo, Bi von Pahlow kiti cha nyuma yake. Alikuwa na taji la bati kichwani na viatu vya fedha vyenye visigino virefu. Alitazama safu ya pili mara moja tu, akaogopa kutazama tena. Vichwa vinne. Cha mwisho kulia, upara na kovu dogo nyuma ya sikio. Amekuja! Hakujua kama kaja kwa ajili yake, au kaja kwa kuwa ni Jumapili tu.

Taa zikazimwa, piano ikaanza. Egon akaonekana kwenye skrini, macho malegevu, anamnong'oneza mpenzi wake, na ukumbi ukahema kwa mahaba. Safu ya pili ikapasuka kwa kicheko. Jino la Egon na samaki wake wa siki, wameliona lote.

"Walevi hao," Bi von Pahlow alisema.

Likaja tukio la dirishani. Likaja la kumwagiana unga jikoni. Halafu, uso wake, mkubwa, ukajaza ukuta mzima. Midomo ikafunguka: Baba.

Kwenye safu ya pili, mzee Kaschke akainuka nusu kwenye kiti chake.

Na skrini ikawa nyeusi. Yakatokea maandishi, meupe, yamezungushiwa maua: "Mpenzi, mimi si mfanyakazi wa jikoni. Mimi ni binti mfalme!"

Maandishi yalikaa. Yakakaa. Yanawekwa ili wenye masikio nao wajue kinachosemwa, na ili hata msoma taratibu ayamalize. Trude alikuwa ameona maandishi kama yale mara elfu, na hakuyawaza hata mara moja, kwa sababu safu ya pili hawakuwa na kazi nayo. Muda ule waliutumia kujinyoosha shingo na kuombana pipi. Yalipoondoka, uso wake ulirudi, mdomo umekwisha kufungwa, chozi linashuka. Maneno yote yalikuwa yamekatwa na mkasi, yametupwa kwenye kapu huko kampuni. Limebaki "Baba", basi. Neno ambalo hata binti mfalme wa uongo analo.

Mzee alikaa chini polepole. Jirani yake akamuuliza kitu kwa mkono. Macho yake yalibaki kwenye skrini.

Trude alijiona anakufa pale pale kitini. Mwaka mmoja na miezi minne! Hasira ikampanda, si kwa Wisnek, si kwa bibi, kwa nafsi yake mwenyewe, eti alikuwa anangoja sinema imsemee.

Taa zikawashwa. Wakapandishwa jukwaani: Bwana Wisnek katikati, Egon kushoto, Trude kulia. Makofi, miluzi. "Inama," Bwana Wisnek alisema bila kufungua meno. Trude hakuinama. Alishika glovu ya mkono wa kulia kwa meno, akaivuta. Akaivua na ya kushoto. Akazitupa. Kisha akanyanyua mikono mitupu, ya tundu tupu, akaongea kwa ishara mbele ya watu mia sita: Baba. Nakujua. Nilidanganya.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Si wanaijua ile? Ni ile ya dirishani, ya kupungiana mikono! Watu wakasimama kwenye viti, wakaanza kumpungia nao, mikono hovyohovyo, wanaume wakijishika vifua, wanawake wakirusha mabusu. Mtoto mmoja alipungia soksi.

"Endelea, endelea!" Bwana Wisnek alimnong'oneza, uso unang'aa. "Wanaipenda! Tutaifanya kila ukumbi!"

Na Trude akamwona baba yake anautazama ule ukumbi. Alizungusha kichwa taratibu, akawaona wote wale wanaochezea mikono, wanavyocheka. Akamtazama na yeye juu ya jukwaa. Uso wake ulifungwa kama siku ya dukani. Trude alielewa papo hapo mzee alichokielewa: kwamba safari hii si kumkana tu, safari hii amechukua lugha ya nyumbani kwao, ile waliyochapiwa fimbo, amekuja kuiuza ichekwe.

"Hapana!" Trude alipiga ukelele. "Baba, hapana!"

Mzee alikwisha kuvaa kofia. Alikwisha kugeuka. Na mtu kama yule akishakupa mgongo umekwisha. Piga kelele mpaka koo lipasuke, ni kazi bure.

Aliruka. Jukwaa lilikuwa juu kufika kifua cha mtu, na gauni lilikuwa la mita saba za hariri, lakini aliruka, taji likaanguka likabingirika chini ya piano. Watu wakampisha huku wakishangilia. Alikimbia kwenye njia ya katikati ya viti, mzee yuko mbele, hatua kumi kutoka mlangoni, anatembea bila haraka. Trude alisimama nyuma yake. Hakumgusa. Aliinua mguu, akapiga kisigino kwenye mbao kwa nguvu zake zote. Mara moja. Akapiga tena, na kisigino kikavunjika, kikaruka chini ya viti.

Mzee Kaschke alisimama.

Sekunde hiyo ilikuwa ndefu kuliko miezi yote kumi na sita. Halafu akageuka.

"Nakujua," Trude alisema, kwa mdomo na kwa mikono, na machozi yanaingia mdomoni. "Siku ile nilidanganya. Niliwaogopa wao, nikakukana wewe. Nakujua. Wacha wacheke, hawajui. Wewe ndiye baba yangu."

"Nani huyo mzee?" mtu alipaza sauti kutoka viti vya nyuma.

Trude akageuka, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya Moabit tupu, bila Karvania hata chembe: "Ni baba yangu, wewe! Ni fundi Kaschke!"

"Ni kweli ni fundi Kaschke!" mama mmoja akapiga kelele, anajipiga mapaja. "Fundi! Kumbe na wewe wamekuajiri sinema? Na viatu vyangu lini?"

Ukumbi ukaangua kicheko upya. Hakuna aliyeamini. Alisema ukweli mbele ya mtaa mzima, kwa sauti, na mtaa ukampigia makofi kwa kuigiza vizuri.

Mzee hakuwatazama tena. Alikuwa anatazama chini, mguu wa binti yake uliokaa upande. Alipiga goti moja, akaunyanyua kama anavyonyanyua mguu wa mteja yeyote, akakivua kiatu cha fedha, akakigeuza, akaingiza kucha palipovunjika. Alitikisa kichwa. Kisha akakibana kiatu kwapani, apate mikono.

"Nani kakutengenezea takataka hii?"

"Kampuni."

"Gundi na misumari miwili. Miwili! Ungevunjika shingo." Mikono ikasimama hewani. Halafu vidole viwili vikabana, vikavuta uzi. "Uzi. Twende nyumbani nikakishone."

Bi von Pahlow alikuwa ameshafika mlangoni, ufunguo wake unachezacheza kifuani. "Rudi jukwaani," alisema kwa sauti ya chini. "Rudi sasa hivi, au kesho polisi."

"Kesho, mama," Trude alisema. "Waambie wanikute kwenye karakana ya baba, mlango wa bluu. Wabishe kwa nguvu, mwenyewe hasikii."

Akavua na kiatu cha pili, akampa mzee. Walitoka pamoja kwenye ubaridi wa barabara, yeye na soksi, baba yake na viatu vya fedha kwapani. Ndani, ukumbi uliendelea kupiga makofi, ukimngoja binti mfalme arudi kuinama.